Mawimbi ya graviti ya mageuko ya hali

Mawimbi ya graviti ya mageuko ya hali ni mitetemo ya nafasi na wakati inayodhaniwa kuzaliwa ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa, ukipoa na kugeuka hali ghafla. Hakuna chombo kilichokwisha kuyatambua kwa uhakika.

Kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, jambo hili lina mfano wa karibu. Salamabila, katika Kabambare, ndipo yalipo machimbo ya dhahabu ya Namoya. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064, na ikiachwa ipoe haigandi yote kwa pamoja: ugumu huanzia pembeni, penye ubaridi, kisha huenea kuelekea katikati, huku joto lililojificha likitoka. Sufuria ya sombe huenda kinyume: viputo vya mvuke huchipuka chini, vikakua na kupasuka juu.

Ndivyo wanafizikia Edward Witten (1984) na Craig Hogan (1986) walivyoufikiria ulimwengu. Viputo vya hali mpya huchipuka ndani ya hali ya zamani, hutanuka kwa kasi kubwa na kugongana. Kiputo kimoja cha mviringo kamili hakitoi wimbi lolote. Mgongano ndio unaovunja ulinganifu. Mwaka 2014 Mark Hindmarsh na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba kishindo kikubwa huja baadaye, kutokana na mawimbi ya sauti yanayoendelea kuvuma ndani ya uji wa chembe hata baada ya viputo kwisha.

Geuko linalofuatiliwa zaidi ni lile lililozipa chembe nyingi masi yake kupitia uga wa Higgs, kwenye joto la zaidi ya nyuzi trilioni 1000, katika sehemu moja kati ya bilioni 100 hivi ya sekunde baada ya ulimwengu kuanza. Hapa pana tatizo. Hesabu za Keijo Kajantie na wenzake (1996) zilionyesha kuwa chembe ya Higgs ikiwa nzito, hakuna viputo. Na ile iliyotangazwa Geneva tarehe 4 Julai 2012 ni nzito mno. Kwa fizikia tunayoijua, basi, ulimwengu haukuchemka. Ulilegea polepole, kama mawese yaliyoganda asubuhi yanavyolegea jua likipanda. Hivyo ishara yoyote ya viputo hivyo ingefichua chembe au kani isiyojulikana bado, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta. Darubini za mwanga hazisaidii, kwa kuwa mwanga haukupata njia hadi miaka 380,000 baadaye.

Mawimbi ya graviti yalinaswa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 na vituo vya LIGO vya Hanford na Livingston, Marekani. Hayo yalitoka kwenye mashimo meusi mawili. Mvumo wa chini zaidi uliotangazwa Juni 2023 kutokana na nyota za palsa, zinazotumiwa kama saa, huenda nao unatokana na mashimo meusi makubwa, ingawa wapo wanaotaja viputo.

Mawimbi ya enzi ya Higgs yamenyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu hadi mtetemo mmoja uchukue dakika kadhaa au saa. Ardhini hayasikiki. Ulaya iliidhinisha Januari 2024 mradi wa LISA wa kuyasikiliza kutoka angani, unaotarajiwa kurushwa mwaka 2035: vyombo vitatu vilivyoachana kilomita milioni 2.5. Ndani ya kila kimoja vitaelea vipande viwili vya dhahabu na platini, milimita 46 kila upande, visivyoguswa na kitu, na leza itapima umbali kati ya vipande vya chombo kimoja na vya kingine.