Leseni Iliyofungwa na Swali la Mwaka 1930

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba nikupeleke Uingereza, kwenye meza ya jikoni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mahakama ilimfungia kuendesha gari kwa miaka 5. Kosa lake ni kuendesha akiwa amelewa, tena kwa mara ya pili, na safari hiyo aligonga gari lililoegeshwa. Hakuna aliyeumia. Hiyo ni bahati, si utetezi.

Sheria yao ya mwaka 1988 inamwachia mtu kama yeye mlango mdogo. Aliyefungiwa chini ya miaka 4 aweza kuomba afunguliwe miaka 2 ikishapita. Aliyefungiwa kuanzia miaka 4 lakini haijafika 10, anasubiri nusu ya adhabu. Wa zaidi ya hapo anasubiri miaka 5. Mpwa wangu alipotimiza miaka miwili na nusu aliniita: "Mjomba, njoo unisaidie kuandika."

Nilimkuta na kurasa nne. Kazi ya lori imepotea, mabasi mawili kila alfajiri, watoto wanachelewa shule. Yote ya kweli. Nikamwuliza: "Na kosa lako liko wapi humu?" Akanyamaza.

Swali hilo, ndugu msikilizaji, si langu. Lina historia.

Sheria ya mwaka 1903 iliwapa Waingereza leseni kwa shilingi 5 bila mtihani wowote, ikaweka mwendo wa mwisho maili 20 kwa saa, na ikaipa mahakama uwezo wa kumfungia dereva mkosaji. Mwaka 1930 ikaja sheria mpya. Hii iliondoa kikomo cha mwendo kwa magari madogo, ikalazimisha bima, na ikamruhusu aliyefungiwa kurudi mahakamani baada ya miezi 6 tu. Lakini mahakama iliagizwa ipime tabia ya mwombaji, mwenendo wake tangu ahukumiwe, aina ya kosa lake, ndipo mambo mengineyo. Vipimo hivyo vinne vimo hadi leo.

Kilichobadilika ni subira. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za Uingereza, na mwaka uliofuata mtihani wa udereva ukawa wa lazima. Mwaka 1967 waziri wa uchukuzi, Bibi Barbara Castle, ambaye mwenyewe hakuwa akiendesha gari, alileta kipimo cha pumzi kwa walevi. Madereva walimlaani, naye hakurudi nyuma.

Angalia basi: shida za mpwa wangu zinaingia katika "mengineyo", mwisho wa mstari. Tukaanza upya. Mbele tukaweka kosa, bila kulipaka rangi. Kisha vyeti vya daktari, barua ya kikundi anachohudhuria cha walioacha pombe, na barua ya mwajiri. Polisi hupewa taarifa na waweza kupinga. Akikataliwa, harudi kabla ya miezi 3, na akubaliwe au akataliwe aweza kuamriwa kulipa gharama. Akikubaliwa, leseni haiji yenyewe: ataiomba upya, na kwa kuwa alifungiwa mara mbili ndani ya miaka 10, atapimwa kwanza na daktari.

"Mjomba, nikiyaandika yote haya si najifunga mwenyewe?"

"Mahakimu wanalo faili tayari," nilimjibu. "Wasilokuwa nalo ni wewe."

Kisha ikafika zamu ya barua yangu ya kumdhamini tabia. Nilikuwa nimeandika kwamba namjua tangu utoto kuwa mtu mwangalifu. Nikaichana. Usiku wa kosa la kwanza nilikuwapo katika ile karamu. Nilimwona akichukua funguo, nikaona haya kumzuia mbele za watu. Barua mpya inasema hivyo, na inasema nimeona nini tangu alipoacha chupa.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa. Kesi ni Alhamisi ijayo. Mahakimu wakimfungulia, tutashukuru. Wakikataa, atapanda mabasi yake mawili. Lakini wewe unayenisikiliza, ukimwona nduguyo leo usiku akipapasa mfuko wa funguo, usione haya kama mimi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.