Ghorofa ya Juu Ilikuwa ya Maskini

Ukitafuta nyumba Nairobi utagundua jiji hili lina hesabu mbili za ghorofa. Kule Kilimani na Kileleshwa, kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyopanda nawe, na ile nyumba ya juu kabisa, pentihausi, ndiyo wenye pesa wanaipigania. Kule Pipeline hesabu imegeuzwa. Chumba cha ghorofa ya saba mara nyingi ni bei rahisi kuliko cha chini, na bado mtu anafika mlangoni akihema, anauliza kama hakuna kingine. Jiji ni moja, na upepo wa juu ni ule ule. Tofauti ni sanduku moja la chuma linaloitwa lifti.

Hesabu ya Pipeline ndiyo ya zamani. Katika Paris ya karne ya 19, jengo zuri la ghorofa sita lilikuwa na duka chini, familia tajiri ghorofa ya pili, halafu hadhi ikawa inashuka kadiri ngazi zinavyopanda. Pale juu chini ya paa, kwa vijumba vyenye joto kali kiangazi na baridi kali msimu wa baridi, walilala vijakazi wa zile familia za chini. Kwenda juu hakukuwa na raha yoyote. Kila ndoo ya maji na kila mfuko wa makaa ulipanda kwa magoti ya mtu.

Mimi hiyo Paris sijafika lakini naielewa. Naishi ghorofa ya sita, hakuna lifti. Mama yangu ana shida ya magoti, na miaka mitatu tangu nihamie hapa hajawahi kuiona jikoni yangu. Akija mjini tunakaa kwa hoteli pale chini, anakunywa chai, ananikabidhi sukuma na mayai aliyobeba kutoka nyumbani, halafu anainua macho na kuuliza dirisha langu ni lipi.

Mashine za kuinua mizigo zilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni imani, manake kamba ikikatika umekwisha. Mwaka wa 1854, kwenye maonyesho ya Crystal Palace huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, kisha kamba ikakatwa. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likakwama. Otis alikuwa ameweka springi ambayo, kamba ikilegea, inasukuma vyuma vishike meno yaliyo kwenye reli za pembeni. Miaka 3 baadaye, 1857, lifti yake ya abiria ilifungwa katika duka la E. V. Haughwout pale Broadway. Jengo lenyewe lilikuwa na ghorofa 5 tu, na lifti ilisukumwa na mvuke.

Kumpandisha mteja dukani ni kitu kimoja. Kumwambia tajiri aishi huko juu ni kitu kingine kabisa. New York ya wakati huo, familia yenye mali ilikaa kwa nyumba yake peke yake, na kugawana paa na wengine kulionekana mambo ya watu wa chini. Edward Clark, aliyetajirika kupitia cherehani za Singer, aliamua kubishana na fikra hiyo. Mchoraji wake Henry Hardenbergh akamchorea jengo la Dakota, lililojengwa kuanzia 1880 hadi 1884. Clark alifariki 1882, hakuliona likikamilika. Lilikuwa na nyumba 65, na kila pembe ilikuwa na lifti ya abiria iliyoendeshwa kwa nguvu ya maji.

Sasa angalia kilichotokea. Lifti zilikuwepo, lakini ghorofa za juu kabisa zilipewa vyumba vya kufulia, vya kuanikia nguo, na vya wafanyakazi kulala. Mashine ilishafika juu, ila akili ya tajiri ilikuwa bado imebaki chini. Na mbali na zile lifti za wenye nyumba, palikuwa na ngazi na lifti nyingine za huduma zilizoishia upande wa jikoni. Mwenye nyumba na mbeba makaa waliishi jengo moja bila sababu ya kukutana.

Hiyo lifti ya pili naijua. Mwaka jana nilipeleka keki kwa jengo moja la kifahari hapa Nairobi. Soja aliangalia boksi langu, akanionyesha njia ya kuzunguka nyuma, karibu na mapipa ya taka. "Mizigo ni huko, dadangu." Alisema kwa adabu kabisa. Ndani, kuta zilikuwa zimefunikwa mablanketi zisikwaruzwe. Tulipanda watu watatu: mimi, mama aliyebeba nguo za kufua, na kijana mwenye mtungi wa gesi begani. Lifti ya mbele nilikuwa nimeiona nikipita. Ilikuwa wazi, ina kioo kikubwa, na haikuwa na mtu.

Jirani yangu wa mlango wa tatu hufunga lifti za majengo kama hayo. Jioni tukipatana kwa ngazi huwa ananieleza kazi, na kwa kuwa ni ghorofa sita, maelezo yanatosha. Kwanza mnakabidhiwa shimo tupu. Mnateremsha nyaya kutoka juu hadi chini kupima kama kuta zimenyooka, kwa sababu reli ikipinda kidogo tu abiria watatikisika kila siku ya maisha ya jengo. Reli zinaungwa vipande vya mita 5, kipande juu ya kipande. Upande wa pili wa kamba kunawekwa chuma cha kusawazisha, chenye uzito wa kibanda kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo kinaoruhusiwa kubeba, kwa hivyo mota huinua tofauti tu, haiinui kila kitu. Mwisho kabisa kuna breki ya dharura inayobana reli kibanda kikizidisha kasi. Hiyo breki ni mjukuu wa springi ya Otis.

Akili ya tajiri nayo ilipanda polepole. Katikati ya miaka ya 1920, Marjorie Merriweather Post, mrithi wa kampuni ya vyakula, alikubali nyumba yake pale Fifth Avenue ibomolewe, kwa sharti kwamba ajengewe nyingine juu ya jengo jipya. Alipata vyumba 54 katika ghorofa tatu za juu. Kufikia hapo ile hesabu ya Paris ilikuwa imegeuka, na wafanyakazi wakahamishwa kutoka chini ya paa.

Leo tajiri anapelekwa mbali zaidi. Jengo la 432 Park Avenue, lililokamilika 2015, lina urefu wa karibu mita 426. Jengo refu hivyo huyumba kidogo upepo ukivuma, na kamba ndefu za lifti huyumba nalo, hivyo mitambo hulazimika kupunguza mwendo au kusimama. Mwaka wa 2021 wenye nyumba waliwashtaki waendelezaji, na miongoni mwa malalamiko yao ni kukwama ndani ya lifti. Watu wenye mamilioni ya dola waligundua kwamba pale juu, bila lifti, nyumba ni dirisha tu.

Juzi nilimuuliza jirani kama jengo letu linaweza kuwekewa lifti. Hakucheka. Alisimama ghorofa ya nne, akaweka chini mfuko wake wa vifaa, akapima ukuta kwa macho. Kitu cha kwanza, akasema, ni shimo, na shimo huachwa wakati wa kuchora ramani. Akagonga mlango uliokuwa mbele yetu kwa kidole, taratibu, watoto wasiamke.

"Lingekaa hapa. Hiki chumba, na kingine kama hiki kila ghorofa. Saba. Mwenye ploti alipiga hiyo hesabu kabla hujazaliwa."

Kisha akachukua mfuko wake. Tulikuwa tumebakisha ghorofa mbili.