Jezi ambayo Rono hakuvaa

Mashabiki wenzangu wanasaka jezi za Arsenal. Mimi nikifika Gikomba nachambua za vyuo vya Marekani, na ninayoitamani zaidi ni ya Washington State: rangi ya damu ya mzee na kijivu. Hiyo ndiyo Henry Rono, kijana kutoka Nandi, alikimbia nayo.

Mbio za nyika za vyuo alizishinda mara tatu: 1976, 1977 na 1979. Lakini mwaka wa kushangaza ni 1978. Akiwa bado mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 tu! Aprili, mita 5,000 kule Berkeley. Mei, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Seattle. Juni, mita 10,000 Vienna, kisha mita 3,000 Oslo. Mwaka huohuo akavaa jezi ya Kenya na kuleta dhahabu kutoka Algiers na Edmonton.

Sasa uliza kuhusu Olimpiki. Kenya ilisusia Montreal 1976, ikasusia tena Moscow 1980. Sababu zilikuwa nzito, siasa za ubaguzi wa rangi Afrika Kusini na vita vya Afghanistan, ila miguu ya mwanariadha haisubiri wanasiasa waelewane.

Rono alifariki Februari 2024. Jezi ya chuo chake naweza kuibahatisha kwa bale siku moja. Yake ya Olimpiki sitaipata kokote, maana hakupewa nafasi ya kuitoa jasho.