Idhini ya Kupiga Senema Katika Njia za New York

Wale waliotangulia kupiga picha za senema katika njia za mji wa New York, miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, hawakuwa na idara ya mji iliyowekwa kwa ajili yao, wala hapakuwa na karatasi moja ambayo mtu angeweza kuionyesha na kusema kuwa kwayo ameruhusiwa. Mwaka 1896 watu wa kampuni ya Thomas Edison waliisimamisha mashine yao katika uwanja wa Herald Square, wakawapiga wapitao na magari yao. Na mwaka 1905 Billy Bitzer wa kampuni ya Biograph akaingia hata chini ya ardhi, katika reli iliyofunguliwa Oktoba mwaka uliotangulia, akalipiga garimoshi likienda, hali taa zake zimepakiwa katika behewa jingine lililokwenda sambamba nalo. Mji ulikuwa bado haujatambua kwamba kazi hiyo ingekuja kuwa na shughuli kubwa kiasi cha kuwafungia wakazi milango yao.

Haukupita muda mrefu kabla ya wengi wa watu hao kuhamia California, kwa ajili ya jua lisilokatika, na ardhi rahisi, na ujira mdogo, na pia ili wawe mbali na wale waliomiliki hataza za mashine na kuwadai kila mara. Waliobaki mashariki walijifungia ndani ya majumba ya kupigia picha, kama lile kubwa la Astoria lililofunguliwa mwaka 1920. Na senema zilipoanza kusema, mwaka 1927, sababu ya kuikimbia njia ikazidi kuwa na nguvu, maana kipaza sauti hakikujua kuchagua baina ya maneno ya mchezaji na honi ya motokaa.

Makelele hayo yalikuwa yamekwisha kuwasumbua watu wa New York kabla hayajawasumbua wapiga senema, na hapa yafaa tumtaje bibi mmoja ambaye naona anastahili heshima kuliko anayopewa. Julia Barnett Rice alikaa katika jumba lake la Riverside Drive, juu ya mto Hudson, na usiku hakupata usingizi kwa vipenga vya mashua za moshi zinazokokota meli, ambazo manahodha wake walivipiga hata kwa kusalimiana tu. Mwaka 1905 hakwenda kulalamika mikono mitupu, bali aliwaajiri wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia wakae kando ya mto wahesabu, na hesabu ya usiku mmoja ikakaribia milio 3,000. Akaipeleka hesabu hiyo kwa wakubwa, akiwatetea zaidi ya yote wagonjwa waliolazwa katika hospitali zilizo karibu na mto. Mwaka 1906 akaunda chama cha kuzuia makelele yasiyo ya lazima, na mwaka 1907 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia vipenga hivyo. Ndipo ilipopatikana hoja kwamba utulivu wa mkazi ni haki inayoweza kupimwa na kutetewa mbele ya serikali. Mwaka 1929 mji ukaweka tume ya kupunguza makelele, ikazungusha gari lenye vyombo vya kupimia sauti mitaani. Na mwaka 1936, katika enzi ya Meya Fiorello La Guardia, ikatungwa sheria ya makelele yenye adhabu.

Senema ilirudi njiani baada ya vita, na ilirudi kwa kujificha. Katika kiangazi cha mwaka 1947 Jules Dassin, akifanya kazi kwa mtengenezaji Mark Hellinger, aliipiga filamu ya The Naked City katika mahali zaidi ya 100 mjini humo, mara nyingi mashine ikiwa ndani ya gari lililofungwa, nyuma ya kioo ambacho aliye ndani huona nje na aliye nje haoni ndani, ili wapitao wasisimame kukodoa macho. Hellinger alifariki Desemba mwaka huohuo, filamu ikatolewa mwaka 1948 na kupata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha na moja ya uhariri. Na watazamaji, wakiisha kuiona njia yenyewe, hawakuridhika tena na njia ya mbao na rangi.

Lakini njia yenyewe ilikuwa inazidi kuwa finyu. Motokaa ziliongezeka baada ya vita hata mafagio ya mji yakakosa pa kupita, na mwaka 1950 ikawekwa kanuni ya kuegesha upande mmoja leo na upande wa pili kesho, ili upande ulio wazi ufagiliwe. Na Septemba 1951, katika mtaa wa 125 huko Harlem, zikasimamishwa mita za kwanza za kulipia maegesho. Tangu hapo kila hatua ya ukingo wa njia ikawa na mwenye kuihitaji, na malori ya senema, yenye taa na mashine za umeme na mavazi na chakula, yalipofika alfajiri na kuishika mitaa miwili mitatu, kulikuwa na watu waliopokonywa nafasi waliyoizoea.

Aliyetaka kupiga filamu mjini katika siku hizo alizunguka idara baada ya idara, hii ya polisi, hii ya bustani, hii ya madaraja, hii ya moto, mpaka rukhsa zikaweza kufikia 50 kwa filamu moja. Na baada ya kuzipata zote bado palikuwa na askari wa zamu aliyetazamia kutiwa kitu mkononi. Fauka ya hayo, wakubwa wa mji waliweza kuutaka mchezo wenyewe wausome kabla ya kutoa idhini, na kuyakataa maneno yasiyowapendeza. Meya John Lindsay, aliyeshika madaraka Januari 1966, alitoa amri mwezi Mei mwaka huo iliyoyakusanya yote hayo katika ofisi moja na rukhsa moja isiyo na ada, akaweka kikosi maalumu cha polisi cha kuzihudumia senema bila malipo, na akaondoa desturi ya kusoma michezo ya watu. Matunda yake yalionekana upesi: Midnight Cowboy mwaka 1969, Dog Day Afternoon mwaka 1975, Taxi Driver mwaka 1976, filamu ambazo baadhi yake ziliuonyesha mji ukiwa mchafu na wenye huzuni, na mji haukuzizuia.

Hata hivyo amri ile ilimfikiria mpiga senema kuliko ilivyomfikiria jirani. William Friedkin alipoipiga The French Connection, iliyotoka mwaka 1971, sehemu ya mbio za motokaa chini ya reli ya juu huko Brooklyn aliipiga katika njia isiyofungwa, kati ya magari ya raia wasio na habari, na mwenyewe alikuja kusimulia kuwa hakuwa na idhini ya kufanya vile. Filamu ni nzuri sana, nami siipunguzii sifa yake. Lakini uzuri huo haumpi mtu haki ya kuhatarisha roho ya aliyetoka nyumbani kwenda kazini.

Kanuni za kumlinda jirani zilikuja kidogo kidogo, na kwa kudaiwa: sheria mpya ya makelele ya mwaka 1972, na nyingine iliyoanza kutumika mwaka 2007, ilani za kubandikwa mitini na nguzoni siku mbili kabla ya malori kuja, motokaa iliyobaki kuhamishiwa mtaa wa karibu bila mwenyewe kutozwa, na mitaa iliyochoshwa kwa kupigwa mno kupewa likizo. Ada ya kuomba rukhsa, dola 300, haikuwekwa mpaka mwaka 2010.

Upande wa pili wa mizani alikuwapo mtu mdogo mwenye mashine ya mkononi. Mwaka 2005 Rakesh Sharma, mtengenezaji wa filamu za kweli kutoka India, alizuiwa na polisi na kuhojiwa kwa kupiga picha katika njia ya Manhattan, na shauri lake mahakamani likaulazimisha mji kuziandika kanuni zake. Rasimu ya kwanza, ya mwaka 2007, ilitaka hata watu wawili wakisimama mahali pamoja na mashine yao kwa nusu saa wawe na rukhsa na bima ya dola milioni moja, jambo ambalo lingemfunga mtalii na mkewe sembuse mwanafunzi; raia wakapiga kelele, rasimu ikarudishwa, na kanuni za mwaka 2008 zikamwachia huru kila apigaye kwa mkono au kwa kiguzo cha miguu mitatu bila kuifunga njia. Katika zote zilizotungwa tangu 1966 hiyo ndiyo niionayo ya haki kupita zote, kwa kuwa inauliza jambo moja tu, nalo ni kama wapitao wamebakiziwa nafasi ya kupita.