Boriti za mikoko: kutoka Lamu na Rufiji hadi Ghuba

Anayeingia nyumba ya zamani ya mawe huko Lamu huona vyumba virefu lakini vyembamba. Aliyepanga upana wake ni mti. Boriti ya mkoko hubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana wa mita 3 hivi. Ukizidisha hapo, unahatarisha walio chini. Hesabu hiyo waliijua pia waashi wa Ghuba ya Uajemi. Kwao hakukuwa na misitu, kwa hiyo nyumba za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa miti iliyokatwa kwenye matope ya kwetu.

Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Miti iliuzwa kwa korija, yaani mafungu ya 20, na kila unene ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Wakataji waliingia mtoni kwa mtumbwi maji yakijaa, wakakata yakipwa, kisha wakasubiri yajae tena ndipo watoe mzigo. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alifika delta ya Rufiji kwa jahazi la Kuwait lililofuata boriti, na kitabu chake kinaeleza jinsi mabaharia walivyotaabika humo kwa joto, matope na mbu. Naona hao ndio wanaostahili kukumbukwa kwanza tunaposifu nyumba zile.

Serikali za kikoloni ziliona mapato. Wajerumani waliifanya mikoko ya Rufiji kuwa hifadhi mwaka 1898, huku magome yakisafirishwa Ulaya kwa ajili ya tanini ya kutengenezea ngozi. Nchini Kenya nako, chini ya Waingereza, mikoko yote ikatangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Sheria hizo zilihesabu miti na magome. Kamba wachanga wanaokulia kati ya mizizi, kaa wa matope, vifaranga vya samaki wanaokuja kuvuliwa baadaye nje ya mwamba, vyote hivyo havikuwa na safu kwenye daftari la ushuru. Mvuvi alijua, lakini hakuulizwa.

Mafuta yalipoitajirisha Ghuba, saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti. Kenya ikapiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982, na Tanzania ikazuia ukataji mwaka 1987. Soko la mbali likafa, lakini shoka halikupumzika. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko mingi ilikuwa imeshakatwa miaka ya 1970 kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na sehemu kubwa ya ufuo ikabaki mchanga mtupu. Na si shoka peke yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo wa mashamba ya bara kwenye hori la Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi inayopumulia na kuua mamia ya hekta. Atakaye kulinda pwani lazima aanze juu mtoni, shambani.

Gazi walianza kupanda upya mwaka 1991 wakisaidiana na watafiti wa taasisi ya bahari ya Kenya, KMFRI. Kuanzia 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Hilo ndilo lililokosekana tangu 1898, nami naliona kubwa kuliko hata fedha. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wameufuata mfano huo kwa eneo kubwa zaidi.