Kauli ya Mwanamke Katika Maandishi ya Pwani

Mbwera, katika delta ya Mto Rufiji, imezungukwa na maji na mikoko, na msafiri aendaye huko aghalabu hupanda chombo. Hata hivyo kanga zilifika, kama zilivyofika kote pwani, pamoja na maneno yake. Mwanamke asiyeweza kusema waziwazi mbele ya mkwe au jirani aliyachagua maneno akayavaa. Kauli hiyo haikuwa na jina la mtungaji, wala haikuombewa idhini.

Maandishi yenye jina la mwanamke yalikuwa haba. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa mtawala wa Siu, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha mwaka 1858, nao ulienea kwa kunakiliwa kwa mkono. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, hakujua kusoma. Lakini santuri zake, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, zilifika mahali ambapo kalamu haikufika. Katika wimbo wake juu ya Kijiti alilaumu hukumu iliyowaangukia wanawake waliotoa ushahidi, hali muuaji mwenyewe amekwisha kutoroka.

Ndiyo sababu waandishi wa habari wanawake, walioanzisha chama cha TAMWA mwaka 1987, waliliita jarida lao Sauti ya Siti. Mambo yaliyokuwa yakifichwa nyumbani, kama vile wake kupigwa na wasichana kunajisiwa, yakawa hoja ya taifa. Na juhudi zao zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Kisha ikaja intaneti. Mwenye simu hakuhitaji tena mhariri wala mtambo wa kupigia chapa. Lakini mlango mwingine ukawekwa: kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu nchini Tanzania awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi 2,000,000. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, baada ya baadhi ya waandishi kunyamaza.

Basi si kweli kwamba mtandao ndio uliompa mwanamke kauli. Kauli alikuwa nayo tangu hapo. Kilichobadilika kila zama ni mshika mlango na bei yake. Kwa mwanamke wa Mbwera, kanga hulipiwa mara moja tu, nayo husema mpaka ichakae.