Hisia zinazofichwa na maradhi ya ngozi: Tiba inasema nini?

Hofu humsisimua mtu mwili, na fedheha humtoa jasho usoni. Kwamba ngozi huitika yanapotokea mambo moyoni, hilo halina ubishi. Swali lililowashughulisha matabibu kwa muda mrefu ni jingine: je, huzuni au hasira iliyomezwa kwa miaka yaweza kuzuka kama ugonjwa wa ngozi?

Mwaka 1950 daktari Franz Alexander wa Chicago, Marekani, aliuweka ukurutu sugu miongoni mwa maradhi saba aliyoyahusisha na migogoro ya nafsi. Leo wataalamu hawaendi mbali kiasi hicho. Haijathibitishwa kwamba kuficha hisia pekee huleta ukurutu au soriasisi, kwani urithi na mfumo wa kinga vina sehemu kubwa. Kilicho wazi ni kwamba msongo wa mawazo waweza kuuamsha ugonjwa kwa mwenye asili nao, na kuuzidisha ulipo.

Sababu imo katika maumbile. Tumboni mwa mama, tabaka la juu la ngozi na ubongo hutokana na tabaka moja la kiinitete. Mtu anaposongwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, na ncha za neva ngozini hutoa kemikali zinazochochea seli za kinga kuachia histamini. Ndipo ngozi huwasha na kuvimba. Kujikuna huichubua, usingizi hupotea, msongo huongezeka, na muwasho hurudi kwa nguvu zaidi.

Utafiti uliofanywa huko Ohio na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa watu waliokuwa wakiuguza jamaa wenye maradhi ya kusahau walichelewa kwa takriban siku 9 kupona kidonda kidogo, wakilinganishwa na wenzao wasio na mzigo huo. Mwaka 1998 Jon Kabat-Zinn na wenzake walieleza habari za wagonjwa 37 wa soriasisi waliotibiwa kwa mwanga: waliosikiliza kanda za kutafakari wakati wa tiba walitakata ngozi upesi zaidi. Tafakuri haikuchukua nafasi ya tiba, iliisaidia.

Hapo ndipo penye hatari. Anayeambiwa kuwa vipele vyake ni "mawazo tu" huenda akaacha dawa, au akachelewa kupimwa. Baka lililopoteza hisia ya mguso huweza kuwa dalili ya ukoma, ugonjwa unaopona kwa dawa, lakini ukicheleweshwa huacha ulemavu. Muwasho unaozidi usiku na kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja mara nyingi ni upele, na wote hupaswa kutibiwa pamoja. Nazo krimu kali zinazonunuliwa bila ushauri hupunguza unene wa ngozi.

Kwa upande mwingine, mgonjwa anayetengwa huongezewa mzigo. Soriasisi haiambukizi, mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu ugonjwa huo, likitambua mateso yanayotokana na unyanyapaa. Hata hivyo wapo wanaotengewa sahani na kitanda, na wanaovaa mikono mirefu wakati wa joto kali ili wasitazamwe. Fedheha huzaa msongo, na msongo huurejesha ugonjwa uleule uliozaa fedheha.

Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humuumbua. Ushauri wa matabibu ni kuanzia kwa mtaalamu wa ngozi, kumweleza pia yaliyotokea maishani kabla ya dalili kuanza, na kutoacha dawa bila idhini yake. Aliyezoea kuambiwa "jikaze" naye ana haki ya kumpata mtu wa kumsikiliza, awe mshauri nasaha au ndugu anayeaminika. Ngozi na moyo vyote viwili vyahitaji tiba, na kimoja hakipaswi kusubiri kingine.